Sketi Mbili za Siku ya Kipimo

Bi Futi hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa na wateja wake, kwa sababu futi ya kupimia haikumtoka shingoni. Alishona nayo, akala nayo, na siku alipomwoza mwanawe wa pekee alikaa meza ya mbele na gauni lake la hariri, futi imening'inia kifuani kama mkufu. Picha zipo, zimetundikwa ukutani katika chumba cha kushonea, na anayeruhusiwa kuzicheka ni yeye mwenyewe tu.

Chumba chenyewe kinatazama barabara. Kuna cherehani tatu, meza ndefu ya kukatia, kabati la vioo lililojaa vifungo, na kwenye kona pana pazia la buluu ambapo wanawake hupimwa. Nyuma ya pazia hilo Bi Futi amesikia mambo ambayo hata mawakili hawajayasikia. Mwambie mtu ainue mikono, umzungushie futi kiunoni, naye amesimama hajui macho ayaweke wapi: ulimi utafunguka wenyewe. Na kabla ya siri hutangulia radhi. Kwa miaka thelathini hajaingia mwanamke pale bila kuuombea mwili wake msamaha. Samahani fundi, leo nimetoka jasho. Samahani, tumbo limenizidi. Usinicheke fundi, sikujua kama nitavua. Wote hao Bi Futi huwajibu neno lile lile, huku pini zimejaa mdomoni.

"Nimekuja kupima, sikuja kukagua. Inua mikono."

Mwaka huo alitimiza miaka hamsini na miwili, na akaamua kwenda kupimwa mlango wa kizazi. Hakuwa mgonjwa, na mtu akimuuliza unaumwa nini, alimkata jicho. Dada yake mkubwa aliugua saratani ya huko huko, ikajulikana imeshachelewa, na tangu siku ya mazishi Bi Futi alikuwa akisema, "Mficha maradhi kifo humuumbua, mimi nitakwenda kupimwa." Alilisema hilo kwa miaka minne mfululizo. Mwaka wa kwanza sare za shule zilimzuia, wa pili bibi harusi mmoja aliyenenepa ghafla, wa tatu na wa nne sababu amezisahau. Ndiyo hivyo, kinyozi hajinyoi. Angeendelea kulisema mpaka leo, kama si mkamwana wake.

Mkamwana ni mke wa yule mwanawe wa pekee. Wanaishi nyumba moja, na kutwa nzima wanashona chumba kimoja: Bi Futi anakata na kuunga, mkamwana anapinda mapindo na kupiga pasi. Ni mwanamke mpole, mwenye mikono myepesi, anayeimba puani akifanya kazi. Alikuwa amejifungua miaka miwili na nusu nyuma. Mtoto hakukosa chanjo hata moja, lakini mama mtu tangu siku ile hakutaka kuguswa na mganga wala mkunga. Pale kliniki wanapompima mtoto uzito walikuwa wakimwambia kila mara, "Na wewe mama, njoo siku moja tukupime," naye alijibu, "Nitakuja," huku ameshageuza mgongo. Bi Futi alimwona mara moja, akamwona mara ya pili, na mara ya tatu uvumilivu ukamwisha.

"Tutakwenda wote wawili," alisema walipofika nyumbani. "Na mimi ndiye nitakayetangulia kuingia."

Mkamwana aliendelea kupiga pasi mkono wa shati ambao ulikuwa umenyooka zamani.

"Mama, mimi siumwi."

"Hata mimi siumwi. Ndiyo siku nzuri ya kwenda. Sikiliza, mwanangu. Mimi naingia, wewe unakaa kwenye benchi. Nikitoka nacheka, unaingia. Nikitoka sicheki, tunarudi nyumbani, na sitakutajia jambo hili tena maisha yangu yote."

Mkamwana alisimamisha pasi. Alimjua mama mkwe wake, na alijua kwamba hakuna kitu duniani kinachoweza kumzuia kucheka akiamua kucheka.

"Maisha yako yote, mama?"

"Yote. Mwite mumeo awe shahidi."

Basi likawa agano. Kesho yake Bi Futi alikwenda kliniki kwa miguu yake, akawaandikisha wote wawili kwa Alhamisi ya wiki iliyofuata, akapewa karatasi moja ya maelekezo, akarudi nayo mkononi kama aliyeshinda kesi. Aliisoma kwa sauti huku anavua viatu, na kwa kuwa miwani ilikuwa mbali, alisoma yaliyoandikwa kwa herufi kubwa juu: vaa nguo nyepesi kuvua, jua tarehe ya hedhi yako ya mwisho, njoo na majina ya dawa unazotumia, andika maswali yako usije ukayasahau. Kisha mteja akagonga kioo, karatasi ikawekwa mezani kifudifudi.

Sasa nikwambie kilichoipata karatasi ile, kwa sababu mwenyewe hakujua mpaka mambo yalipokwisha kuharibika. Jioni ile kulikuwa na mashati ishirini ya shule, na kile kipande cha karatasi ngumu anachokatia kola, mjukuu alikuwa amekitafuna. Fundi akishika mkasi haulizi karatasi imetoka wapi. Bi Futi alinyoosha mkono, akakuta karatasi nyeupe isiyoandikwa kitu upande wa juu, akaikunja, akachora, akakata kola safi kutoka nusu yake ya chini. Nusu ya juu, iliyobaki na yale maneno manne, aliikuta kesho yake na kuibandika ukutani kwa pini. Ile kola ikatundikwa kwenye msumari wake. Wiki nzima ilikatia mashati, na hakuna aliyeigeuza.

Maandalizi yakaanza. Katika yale maelekezo manne, Bi Futi alilishika la kwanza kwa mikono miwili, maana lilikuwa la nguo. Nguo nyepesi kuvua? Yeye angeshona nguo isiyovuliwa kabisa. Alichagua kitambaa cha pamba cha kijani, akakifua, maana kwake kitambaa hakikatwi kabla ya kufuliwa, kisije kikapungua mwilini mwa mtu ukalaumiwa wewe. Akachora sketi pana yenye mpira kiunoni, ambayo mtu akilala ataipandisha tu, na ubavuni akaweka mfuko mrefu wa kutosha kadi ya kliniki. Kisha akalivuta pazia.

"Njoo nikupime, mwanangu. Tunashona mbili."

Alikuwa hajampima mkamwana tangu gauni la harusi. Alimzungushia futi kiunoni, akasoma, akaandika kwa chaki mezani. Akashuka nyongani. Hapo akasikia tumbo la yule binti limekaza kama ubao.

"Pumua. Usizuie pumzi, utanipa kipimo cha uongo."

Mkamwana alipumua, na pumzi ilipotoka ilitoka na maneno. Aliyasema huku mikono iko juu, anatazama ukuta. Kule alikojifungulia, alisema, mkunga alikuwa na haraka. Walikuja watu watatu wasiosema majina yao, wakawasha taa, wakaanza kumkagua. Iliuma. Aliwaambia subirini kidogo. Hakuna aliyesubiri. Akawaambia tena, nawaomba subirini kidogo, na mmoja akacheka akamwambia mwenzake, hawa wote husema hivyo hivyo.

"Si maumivu, mama," alisema. "Maumivu nimeyasahau. Ni kwamba nilisema, na ilikuwa kama sikusema."

Bi Futi alikuwa amepiga magoti, futi mkononi. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawaka, na hasira hiyo haikuwa na pa kwenda, kwa sababu watu wale watatu hawakuwa na majina. Aliinuka, akaishusha mikono ya mkamwana taratibu, mmoja baada ya mwingine, akambusu kiganja.

"Mimi natangulia," alimwambia. "Agano ni lile lile."

Kuanzia hapo kwake haikuwa tena habari ya kupimwa. Ilikuwa ni kutoka kwenye mlango ule akicheka. Alijiandaa kama mtu anayekwenda kwenye mtihani wenye majibu anayoyajua. Tarehe ya hedhi ya mwisho aliitafuta kwenye daftari lake la vipimo, kwa sababu ilimpata siku aliyokuwa anamalizia gauni la bibi harusi mwenye mimba ya pacha, na hiyo ilikuwa mwaka juzi. Dawa aliandika moja, ya presha. Maswali aliandika kumi na moja, na la kumi na moja lilikuwa: je, naweza kuvaa soksi? Mkamwana hakuandika chochote, hakuuliza chochote. Sketi yake ilikaa imekunjwa juu ya cherehani yake siku tano, hajaijaribu.

Alhamisi alfajiri Bi Futi aliingia bafuni na ndoo mbili za maji ya vuguvugu na sabuni ya dawa, ile nyekundu yenye harufu ya hospitali. Alikaa humo muda mrefu. Mwanawe alibisha mlango mara mbili, akajibiwa aende akaogee kwa jirani. Kitambaa hakikatwi kabla ya kufuliwa. Naye alijifua, nje na ndani, kama alivyojifua jana yake usiku, na juzi yake. Alipotoka alinukia mpaka barabarani. Akavaa sketi ya kijani, akaipiga pasi upya ikiwa mwilini, kosa ambalo huwafokea wanafunzi wake wote, akasimama mlangoni.

"Nani ataniambia nini leo?" alisema.

Mkamwana alitoka chumbani. Alikuwa ameivaa ya kwake. Ilimkaa vizuri mno, na Bi Futi alijizuia kumwambia, asije akamshtua. Mtoto akaachwa na baba yake, wakaondoka.

Kliniki ilikuwa na ukumbi mrefu wenye mabenchi ya mbao, feni moja inayolalamika, na mwishoni chumba chenye pazia. Pazia lilikuwa la buluu. "Wameiba kwangu," Bi Futi alinong'ona, na mkamwana akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Muuguzi aliyewaita alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye kalamu mbili nyweleni. Aliwauliza kama wangependa kuulizwa maswali kila mtu peke yake. Bi Futi akamtazama mkamwana, mkamwana akatikisa kichwa: wote pamoja. Wakakaa mbele ya meza yake.

Bi Futi alijibu kama mwanafunzi wa mbele darasani. Tarehe hiyo hapo. Dawa hiyo hapo. Muuguzi aliandika, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, na kuhusu soksi akasema vaa hata mbili. Kisha akauliza, bila kuinua macho:

"Siku mbili hizi umejisafisha ndani kwa sabuni au dawa yoyote?"

"Sana!" alisema Bi Futi. "Juzi, jana, na leo asubuhi mara mbili. Utaona mwenyewe."

Kalamu ilisimama.

"Ah, mama yangu," muuguzi alisema. "Basi leo haitawezekana."

"Haitawezekana nini?"

"Kipimo. Tunachukua chembechembe kutoka kwenye mlango wa kizazi, tunaziangalia kama ziko salama. Ukijiosha ndani unazisomba, na sabuni inaharibu zilizobaki. Majibu yanaweza kusema uko mzima kumbe siyo. Si mlipewa karatasi? Imeandikwa kule chini."

"Chini hapakuwa na kitu," alisema Bi Futi. Alisema kwa uhakika, na neno lilipomtoka akauona mkono wake mwenyewe, mkasi, mashati ishirini. Akauona na msumari wenye ile kola. Kinyozi hajinyoi, na wazee walimalizia: akijinyoa hujikata.

Pembeni yake alisikia mkoba unachukuliwa sakafuni. Hakuhitaji kugeuka. Mkamwana alikuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili juu ya magoti, mgongo umenyooka, kama mtu anayesubiri basi lake lisimame ashuke. Agano lilisema akitoka hacheki, wanarudi nyumbani. Sasa hata kuingia haingii.

"Si ufute tu hapo?" Bi Futi alimwinamia muuguzi. "Andika sijaosha. Mimi naingia, nakaa dakika mbili, natoka."

"Mama, wewe ni fundi, naona futi hiyo. Mteja akizuia pumzi ukimpima, unafanyaje?"

Bi Futi alilijua jibu: humwambia apumue, akampima upya. Ni kweli. Kuosha kabla ya kipimo kile ni kama kufuta chaki kitambaani halafu ukamwomba mtu akate. Angeweza kusema hivyo, angeweza kutania, midomo yake ilikuwa tayari. Badala yake alimgeukia mkamwana, na akasema jambo ambalo hata yeye alikuwa hajajiambia.

"Mwanangu, mimi niliogopa. Usione nilivyokuwa najigamba. Nilikuwa nasema moyoni, wataniona nimezeeka, wataniona si safi. Miaka thelathini wanawake wananiomba radhi kwa miili yao, nami nawakemea. Leo nimekuja kuomba radhi kwa sabuni." Akaishika futi yake shingoni. "Nilikuahidi nitatangulia, nikaharibu mwenyewe. Twende nyumbani. Sitakutajia tena."

Feni ililalamika. Muuguzi aliweka kalamu chini, hakumwita mwingine. Mkamwana alimtazama mama mkwe wake: sketi yenye alama ya pasi, futi shingoni, macho mekundu. Akaanza kucheka. Alicheka puani kwanza, kama anavyoimba, kisha akainamia mkoba na mabega yakamtikisika.

"Mara mbili, mama? Na ile nyekundu?"

"Mara mbili," alisema Bi Futi, na akacheka naye, maana hakuna namna nyingine ya kulisema.

Mkamwana alifuta macho kwa kiganja. Akamgeukia muuguzi.

"Mimi sijaosha chochote," alisema. "Sikujiandaa kabisa. Sikudhani nitaingia."

"Basi wewe ndiye uliyejiandaa kuliko wote waliokuja leo," alisema muuguzi. Akampitisha kwenye maswali yake, moja moja, kisha akamwonyesha pazia. "Kuingia ni hiari yako. Na ukiwa ndani, ukitaka niache, naacha."

Mkamwana alilitazama pazia. Akainuka, akampa Bi Futi mkoba, akavua viatu vyake akaviacha sawasawa kando ya benchi. Akaingia.

Bi Futi alikaa na mikoba miwili mapajani. Alisikia karatasi ya kitandani ikichakarika. Alisikia muuguzi akisema jina lake na kazi yake, kisha akieleza kila atakachofanya kabla ya kukifanya: sasa nagusa goti, sasa hiki ni baridi kidogo, pumua, usikaze tumbo. Kisha akasikia sauti ya mkamwana wake, nyembamba lakini wazi.

"Subiri kidogo."

Kila kitu kilinyamaza. Chuma hakikugonga sahani, kiatu hakikusogea. Bi Futi aliiuma futi yake kwa meno, akahesabu moyoni mpaka tano, mpaka kumi, mpaka kumi na tano.

"Nasubiri," alisema muuguzi kwa upole. "Sina haraka. Utaniambia wewe."

Kumi na sita, kumi na saba. Machozi yalimshuka Bi Futi yakaingia kwenye kola yake mwenyewe, akayaacha yashuke.

"Haya," sauti ilisema nyuma ya pazia. "Sasa tayari."

Haikuchukua dakika tatu. Mkamwana alitoka anashusha sketi yake ya kijani, akaingiza kadi kwenye ule mfuko wa ubavuni, akakuta imetosha. Majibu baada ya wiki mbili, alisema. Kisha akavaa viatu, akamshika mama mkwe wake mkono, na njia nzima ya kurudi alikuwa anatembea mbele kwa nusu hatua.

Walipofika, na Bi Futi amekwisha kumsimulia habari ya mkasi, kitu cha kwanza alichofanya mkamwana ni kwenda kwenye msumari. Aliishusha ile kola, akaigeuza, akaisoma kwa sauti mbele ya mumewe na mtoto: siku mbili kabla ya kipimo, usijisafishe ndani. Mumewe alicheka mpaka akakaa sakafuni. Bi Futi aliwaacha wamcheke. Halafu akachukua pini, akaibandika kola chini ya ile nusu ya ukutani, karatasi ikawa nzima tena isipokuwa mstari wa mkasi.

Jumatatu alfajiri, siku ya miadi mipya ya Bi Futi, aliingia bafuni na ndoo moja. Alitafuta sabuni nyekundu dirishani, hakuiona. Aliitafuta chini ya beseni. Alipofungua mlango, mkamwana alikuwa amesimama nje, tayari amevaa sketi yake ya kijani ingawa siku hiyo hakuwa na miadi, na mfuko wa ubavuni ulikuwa umevimba, unanukia hospitali.

"Oga kama kawaida, mama, kisha twende," alisema. "Leo natangulia mimi. Nitakaa hapo hapo nje ya pazia, na ukisema subiri, nitahakikisha wanasubiri."